Posa ya Fomu Faivu

Kijiwe chetu kiko Kasulu mjini, njia ya kushukia sokoni, nje ya kibanda ninachotengenezea redio na simu. Benchi ni langu, kahawa ni ya Isihaka, maneno ni ya yeyote aliyekaa. Isihaka mwenyewe ni mtu wa Ujiji, kapanda huku milimani na birika lake zamani sana, na tunamwita Mshenga kwa sababu mji huu ukitaka kuoa unampitia yeye kwanza. Mkatoliki, Mlokole, Muislamu, wote huwasemea posa, na hajawahi kurudi mikono mitupu. Kulia kwa benchi hukaa Omary, bwana mifugo, Mbondei wa Muheza aliyeletwa huku na serikali akaiacha familia yake Tanga. Tunamwita Chanjo. Kushoto hukaa Nickson wa bodaboda, ambaye jina lake la kijiweni ni Breki, na aliyewahi kupanda pikipiki yake anajua jina hilo ni la kumkejeli. Mimi ni Waya. Alhamisi moja ya Agosti 2015, mji mzima umejaa mabango ya kampeni, tulikuwa tunabishana nani ana bango kubwa zaidi, akatokea Philemon, muuza maharage. Philemon si mtu wa kukaa. Hunywa kahawa wima, akaenda zake. Siku hiyo alikaa, akavua kofia, akaipakata.

Isihaka: Mzee Philemon, umekaa! Leo kuna jambo.

Philemon: Ego, lipo. Nimeitwa shuleni.

Isihaka: Na nani?

Philemon: Mwalimu wa ushauri. Kesho saa nne. Mwanangu Aneth kanipa ujumbe asubuhi akienda shule.

Nickson: Mzee, hilo ni soo. Enzi zetu ukiitwa ofisi ya ushauri nasaha, ama umetunga mimba ama umetungwa.

Philemon: Hakuna soo. Wazazi wote wa fomu foo wanaitwa kwa zamu. Watoto wanajaza ile selfomu, ya kuchagua wakimaliza waende fomu faivu au chuo gani. Sasa mzazi naye aende, aongee na mwalimu.

Isihaka: Aongee nini?

Philemon: Hapo ndipo nimekwama.

Akaizungusha kofia mapajani. Nilimhurumia. Philemon aliishia darasa la nne, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiha, na mbele ya mwalimu yeyote huanza kutoka jasho hata kama mwalimu mwenyewe ni kijana wa kumzaa. Kaka zake Aneth wote wawili waliacha shule wakaishia kwenye mashimo ya dhahabu Geita. Aneth ndiye peke yake aliyefika fomu foo, na kila akipita hapa na sare yake, Philemon humtazama mpaka apinde kona ya sokoni.

Philemon: Huyu ndiye niliyebaki naye. Kesho nikisema neno baya pale, nimemharibia. Nikikaa kimya, nimemharibia vilevile.

Isihaka akaweka birika chini. Tulimjua. Birika likigusa ardhi, hotuba inakuja.

Isihaka: Kwanza nani kakuambia utaongea wewe?

Philemon: Mzazi si mimi?

Isihaka: Ndiyo maana huwezi kuongea. Baba Aneth, wewe Muha wa hapahapa, mimi mtu wa kuja nikufundishe mila zako? Watu wakimtaka binti yako, baba unajisemea?

Philemon: Hapana. Anasema msemaji.

Isihaka: Wewe unakaa wapi?

Philemon: Nyuma. Nimenyamaza.

Isihaka: Basi! Serikali inamtaka binti. Inataka kumchukua hapa nyumbani, impeleke huko Mwanza, sijui Tabora, miaka miwili, sijui mitano. Hiyo si posa ni nini?

Tukatazamana. Nakiri ilikuwa na mantiki yake. Ukimsikiliza Isihaka kwa kahawa ya moto, kila kitu kina mantiki yake.

Omary: Isihaka, yule ni mwalimu. Hamchukui mtu.

Isihaka: Chanjo, tulia. Na kosa la kwanza wameshalifanya wao. Anayetaka binti ndiye anayekwenda kwa wazazi. Wao wamekaa ofisini wakamwita baba mtu. Hapo tunafungua kwa faini.

Nickson: Faini kwa mwalimu! Mshenga, wewe noma.

Isihaka: Faini ya heshima tu. Hata boksi la chaki. Wajue wanaongea na watu.

Philemon alitabasamu kwa mara ya kwanza. Ndipo nikaelewa kwamba mambo yameiva. Mtu akiwa na hofu na mwingine akamwonyesha njia ambayo ameshawahi kuipita, ataifuata hata kama inaelekea kusikofaa. Philemon hakujua ofisi ya ushauri ikoje, lakini posa alikuwa anaijua vizuri.

Omary: Jamani, mimi nimesoma mpaka chuo. Nisikilizeni dakika moja. Yule mwalimu anafundisha Uraia na Kiswahili, vipindi vimemjaa, na kazi ya ushauri kabandikwa juu yake. Ofisi anachangia na mipira na majembe ya shule. Wanafunzi wake ni shule nzima. Mtakaa naye muda wa kumaliza kikombe kimoja. Atawaambia kombi zipo zipi, yaani yale masomo matatu ya fomu faivu, kila kombi inataka ufaulu gani, chuo gani kinapokea watoto wa fomu foo, na selfomu inarudishwa lini. Basi. Hana nafasi mfukoni. Anayepanga ni wizara, kwa alama za mtihani.

Isihaka: Kwa hiyo katuita atuambie kuhusu kitu asichokuwa nacho?

Omary: Katuita tuzungumze. Mzazi aulize, na yeye aulize. Ukiuliza vizuri, utafaidika. Ukienda kama unakwenda kusikiliza hukumu, utarudi na hewa.

Nickson: Chanjo, acha kutupanga. Mimi mwalimu wetu alinishauri vizuri sana.

Omary: Alikushauri nini?

Nickson: Nivae soksi.

Omary: Soksi?

Nickson: Niliingia ofisini nikamuuliza, mwalimu, mimi nifanye kombi gani? Akaniangalia miguuni, akasema, wewe kwanza vaa soksi. Mwaka ule tulifeli karibu darasa zima, lakini hakuna aliyefeli bila soksi.

Alicheka, nasi tukacheka, ingawa Nickson alipomaliza kucheka alijishughulisha na kioo cha pikipiki kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Philemon: Na hizi alama? Aneth anasema divisheni hakuna tena.

Omary: Zimeondolewa. Sasa hivi ni GPA.

Isihaka: Maana yake?

Omary: Zamani divisheni wani ndiyo ilikuwa juu. Sasa namba ikiwa kubwa ndiyo vizuri.

Isihaka: Yaani zamani ndogo ndiyo kubwa, sasa kubwa ndiyo kubwa?

Omary: Ndiyo.

Isihaka: Na wazazi waliambiwa na nani?

Omary: Ilitangazwa redioni.

Wote wakanigeukia mimi, kana kwamba kila redio ya Kasulu nimeiharibu kwa mkono wangu.

Nickson: Halafu nimesikia mwaka huu kuna mashine. Unaikumbuka ile ya kuandikisha wapiga kura, unaweka kidole? Mtoto anaweka kidole, kioo kinaandika, huyu nesi. Anayefuata anaweka, huyu mwanajeshi. Anayefuata, huyu arudi nyumbani akalime.

Philemon: Kweli?

Nickson: Jamaa yangu wa Kibondo kaiona kwa macho yake.

Mimi: Haiwezekani. Ile mashine hata jina lako tu ilikuwa inalitafuta nusu saa na umeme ukikatika inakusahau. Hiyo kazi itahitaji mtandao, na mtandao wenyewe hapa mpaka upande Kanisa Katoliki usimame upande wa mnara.

Nilisema hivyo kama fundi, na ninasikitika kusema kwamba nilisaidia tu kuifanya habari ya mashine ionekane ya kweli. Philemon alianza kutazama kidole gumba chake.

Isihaka: Mashine ni uongo. Ukweli ninao mimi. Nafasi hugawiwa kimkoa. Kila mkoa una fungu lake. Sasa fungu la Dodoma linafika Dodoma siku hiyohiyo. La Kigoma linapakiwa kwenye treni. Treni ya Kigoma mnaijua.

Omary: Isihaka.

Isihaka: Inafika Tabora, inalala. Wa Tabora wanapunguza. Inafika Uvinza, kichwa kinaharibika. Hapa tunapata makombo. Ndiyo maana watoto wetu wanaambiwa kombi zimejaa. Zimejaaje, kama si watu walikula njiani?

Nickson: Aisee, hiyo imekaa kisomi.

Omary: Nafasi si mahindi, Isihaka. Hazipandi treni.

Isihaka: Wewe uliwahi kuziona zikipanda gari?

Hilo ndilo tatizo la kubishana na mshenga. Hana haja ya kuwa sahihi, anataka tu wewe ndiye uonekane huna jibu. Na Omary, ambaye alikuwa anasema kweli tangu mwanzo, alikuwa anasema kwa ile sauti yake ya kusoma risala ya chanjo ya mapele ya ng'ombe, hivyo hakuna aliyemsikiliza.

Isihaka: Sasa tupange. Wajumbe ni mimi, msemaji. Chanjo, wewe ni serikali, utatupa uzito. Waya utakaa pembeni ukitikisa kichwa.

Mimi: Kukubali au kukataa?

Isihaka: Nitakukonyeza. Breki atatubeba.

Nickson: Wote?

Isihaka: Kwa awamu. Na mkono mtupu haturuhusiwi. Philemon, asali ya Kibondo ipo?

Philemon: Naweza kupata dumu.

Isihaka: Na mkungu wa ndizi. Sasa bei.

Philemon: Bei?

Isihaka: Tunachotaka apewe binti. Ukianza chini, unamalizia chini zaidi. Mimi nitasimama, nitasema, mwalimu, sisi tumekuja hapa kwa udaktari. Nanyamaza. Atashtuka. Atasema, ah, wazee, udaktari ni mgumu. Nitakohoa. Nitasema, basi, kwa heshima yako tunashuka mpaka daktari msaidizi. Atapanda kidogo, tutashuka kidogo. Unesi. Maabara. Hapo ndipo tunapokata kauli.

Omary: Na ualimu?

Isihaka: Ualimu ndiyo sakafu. Chini ya hapo hatushuki, tunabeba asali yetu tunaondoka.

Omary: Na bwana mifugo?

Isihaka: Bwana mifugo ni pembeni, Chanjo. Usiichukulie vibaya. Ni ngazi ya upande.

Omary: Upande wa nini?

Isihaka: Wa ng'ombe.

Omary aliinua kikombe akanywa, na nilijua jambo hilo litarudishwa kwa Isihaka siku nyingine, likiwa na riba.

Philemon: Mimi napenda unesi. Kuna chuo hapa karibu, angekuwa anarudi nyumbani Jumamosi. Mama yake, Yusta, naye angefurahi. Lakini mkianza na udaktari, nao wakakubali?

Hilo hatukulitegemea. Isihaka akalitafuna kidogo.

Isihaka: Wakikubali, tunasema tunakwenda kushauriana.

Nickson: Tufanye mazoezi. Mimi ni mwalimu.

Akavaa miwani ya jua, akakaa juu ya tenki la pikipiki, akakunja uso. Isihaka akasimama mbele yake, akafunga kifungo cha koti ambalo halina kifungo.

Isihaka: Mwalimu mheshimiwa, hodi kwako.

Nickson: Soksi ziko wapi?

Tulicheka mpaka wauza nyanya wa ng'ambo wakauliza kuna nini. Philemon naye alicheka, machozi yakamtoka, akayapangusa kwa kofia. Sijui mara ya mwisho alicheka lini hivyo. Isihaka akaanza upya, na mara hii akasema kweli, kwa ile sauti inayomfanya baba mkwe wa kutisha alainike. Alisema tumekuja kutoka nyumba ya Mzee Philemon wa maharage, ambako kumechipua ua moja tu lililofika fomu foo, na kwamba ua hilo hatulitoi kwa mtu asiyejua kulimwagilia. Ilikuwa hotuba nzuri. Hata Omary aliitikia. Philemon alimsikiliza kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe zikisomwa redioni.

Wakati huo ndipo alipokuja mama mmoja na mfuko mkubwa wa vitenge kichwani, akautua karibu na benchi. Tulimjua kwa sura. Ni Mkongo, anaishi kambi ya Nyarugusu, na siku za soko akipata kibali hushuka mjini kuuza vitenge. Jina lake Apoline. Hakuwahi kukaa kwetu kabla ya siku hiyo, lakini gari la Makere, la kumrudisha kambini, lilikuwa limechelewa.

Apoline: Munisamehe ba papa. Naweza kuikala apa kidogo? Niko nangojea motokari.

Isihaka: Karibu mama, kaa. Kahawa hiyo.

Apoline: Aksanti. Munafanya teatre?

Isihaka: Hapana mama, si maigizo, ni kazi. Kesho tunakwenda shuleni kumsemea binti wa huyu mzee. Anamaliza kidato cha nne. Tunakwenda kudai udaktari, tukishindwa sana, unesi.

Apoline: Iyo ni muzuri. Bapapa watano kwa mutoto moya, iyo ni muzuri sana. Njo anasoma mu seksiyo gani?

Isihaka: Anasoma nini?

Apoline: Seksiyo. Kwetu mutoto akifika mu darasa ya tatu ya sekonderi, anachagula. Ingine inasoma biyoshimi, ingine pedagoji, ingine komersiyali. Ule wangu Pacifique iko mu pedagoji. Uyu wenu iko mu nini?

Omary: Anauliza mchepuo. Anasoma sayansi, sanaa au biashara? Na ni kweli, hata hapa kwetu fizikia na kemia mtoto huchagua akiingia fomu tatu, aendelee nazo au aziache.

Tukamgeukia Isihaka. Isihaka akamgeukia Philemon. Philemon akatazama ndani ya kikombe.

Isihaka: Sayansi. Bila shaka ni sayansi.

Omary: Umejuaje?

Isihaka: Mtoto mwenyewe mkimya vile.

Nickson: Siku ile ya mvua nilimbeba. Alikuwa na kitabu kina picha ya chura. Hiyo si sayansi hiyo?

Omary: Baiolojia wanasoma wote, Breki.

Mimi: Mwaka juzi aliniletea kikokotoo nikibadilishe betri.

Omary: Hesabu pia wanasoma wote.

Nikaona aibu, na si aibu ndogo. Tulikuwa tumekaa pale tangu saa tisa. Tulikuwa tumegawa mikoa, tumezuia treni Uvinza, tumemshusha mtoto wa watu kutoka udaktari mpaka ualimu na kumpandisha tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua Aneth asubuhi anapofungua daftari, anafungua la nini. Apoline alitutazama mmoja mmoja, akadhani hatujamwelewa, akarudia taratibu.

Apoline: Mutoto. Anasoma nini?

Philemon: Sijui, mama.

Alilisema wazi, mbele ya watu, na nadhani ilimgharimu zaidi kuliko kwenda kwa mwalimu. Kisha akatoa simu. Ile simu sikio lake lilikuwa limekufa, kwa hiyo ilikuwa inaongea kwa spika ya nje tu, na barabara nzima ilikuwa inapata habari za nyumbani kwa Philemon bila kupenda. Akapiga. Akapokea mkewe.

Philemon: Yusta, Aneth karudi shule? Mpe simu.

Yusta: Kuna nini?

Philemon: Mpe tu.

Tukasikia kuku, ndoo ikiwekwa chini, halafu sauti ya mtoto aliyekimbia.

Aneth: Shikamoo baba.

Philemon: Marahaba. Aneth, unasoma masomo gani?

Aneth: Baba, nani amekufa?

Nickson alianza kucheka, akaacha. Philemon aliishika simu kwa mikono miwili.

Philemon: Hakuna aliyekufa. Nauliza tu. Nataka kujua.

Aneth: Masomo ya shule?

Philemon: Ya shule. Fizikia unasoma? Na ile nyingine, kemia?

Aneth: Hapana baba. Niliziacha tulipoingia fomu tatu. Mwalimu wa fizikia alihama, hatukuletewa mwingine. Nilikuambia.

Philemon: Uliniambia lini?

Aneth: Tulikuwa tunapura maharage. Nikakuuliza, baba, niziache au niendelee nazo hivyohivyo bila mwalimu? Ukasema sawa.

Philemon: Nilisema sawa?

Aneth: Ndiyo baba. Ukasema sawa, leta gunia lingine.

Isihaka aliinama kumwelekea Omary, akanong'ona.

Isihaka: Na unesi?

Omary: Bila fizikia na kemia? Umeondoka.

Isihaka: Maabara?

Omary akatikisa kichwa. Isihaka akaketi. Ngazi yake yote ilikuwa imebomolewa siku nyingi kwenye rundo la maharage, na sisi tulikuwa tunaipanda. Philemon hakuwa anatusikia. Alikuwa anaitazama simu kama vile uso wa mtoto ungeweza kutokea pale.

Philemon: Ulitaka nikujibu nini siku ile?

Aneth: Sijui baba. Nilitaka tu uulize.

Philemon: Na sasa unataka nini? Kwenye hiyo selfomu?

Tukasogea. Mimi mwenyewe niliacha chuma cha kulehemu kikiwa cha moto juu ya meza. Hata Apoline, ambaye hakuwa anamjua mtoto wala jina lake, aliinama mbele.

Aneth: Baba, uko wapi?

Philemon: Niko kwa Waya.

Aneth: Na Mzee Isihaka? Na wale wengine?

Sote tukatazama kwingine. Omary alitazama mbingu.

Philemon: Wapo.

Aneth: Wanasikiliza?

Philemon: Ego. Wanasikiliza.

Aneth: Basi njoo nyumbani, nitakuambia.

Simu ikakatika. Philemon akavaa kofia, akasimama. Hakuonekana na hasira, wala hakuonekana na furaha. Alionekana na haraka, na sikuwahi kumwona Philemon na haraka tangu nimjue.

Isihaka: Na ujumbe wetu kesho? Asali?

Philemon: Asali nitaleta tutakunywa na chai. Kesho nitakwenda na yeye.

Isihaka: Nani atasema?

Philemon: Sijui bado, ndugu yangu. Acha kwanza nikamsikie.

Nickson: Panda mzee, nakurusha. Hii siyo ya kulipa.

Pikipiki ikashuka ikipiga kelele kuelekea sokoni, Philemon kajishika nyuma kwa mkono mmoja, mwingine kichwani kuizuia kofia. Apoline alikunywa kahawa yake, akaniuliza kwa wasiwasi.

Apoline: Nilisema mubaya?

Mimi: Hapana mama. Ulisema vizuri.

Isihaka akamwongezea kahawa, birika likatoa kidogo, halafu matone, halafu sauti ya bati tupu. Kwa kawaida hapo ndipo tunapoagana, kila mtu na njia yake, na Isihaka anakusanya vikombe akilalamika. Siku hiyo hakulalamika. Alikaa na birika magotini.

Omary ndiye aliyeondoka wa kwanza. Lakini hakwenda mbali. Alisimama karibu na duka la mbegu, akatugeuzia mgongo, akaweka simu sikioni. Ana kijana wake Muheza, yuko fomu tatu, humpigia kila mwisho wa mwezi kumuuliza kama amepokea nauli. Upepo ulikuwa unavuma kuja upande wetu, ndiyo maana tulimsikia vizuri, bwana mifugo aliyesoma mpaka chuo, akisema kwa sauti ya upole:

— Hapana, mwanangu. Hakuna aliyekufa.